Ndivyo Alivyo, au Ameugua?

Section 58 ni mtaa ambao watu hujuana kwa hulka kabla ya kujuana kwa majina. Ukitoka katikati ya jiji la Nakuru ukafuata barabara kuu ya Nairobi kuelekea Lanet, mtaa huo uko njiani, umejaa nyumba za kupanga, maduka na stage za boda boda. Mpangaji mpya hachelewi kupewa maelezo yake: yule mkimya wa ghorofa ya tatu, yule mama wa duka asiyelala bila kukagua kufuli, yule kijana wa boda mwenye hasira za karibu, yule kinyozi anayecheka na kila apitaye. Majirani wa namna hii wana ujuzi ambao daktari hana. Wanajua mtu yukoje akiwa mzima. Ujuzi huo ndio unaoweza kumwahi mtu akili yake inapoanza kuugua, na ndio huohuo unaomchelewesha kupata tiba, pale kila dalili inapofunikwa kwa jibu moja: "Aah, huyo ndivyo alivyo."

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu anayeishi na wengine: mzazi, mke, mume, mwalimu, mwenye ploti, mweka hazina wa chama. Haumfundishi kumpa mtu jina la ugonjwa, kwa kuwa hiyo ni kazi ya hospitali. Unamsaidia kutenganisha vitu viwili ambavyo mtaani huchanganywa kila siku: hulka ya mtu, na mabadiliko ya hulka hiyo.

Kuchelewa kwa tiba si hofu tupu. Mwaka 2009, Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 2,770 katika vituo 10 vya kawaida vya afya nchini Kenya. Watu hao hawakuwa wameenda kutibiwa akili. Walienda kwa maradhi mengine. Asilimia 42 walikutwa na dalili za sonona, ziwe nyepesi au kali. Walioandikiwa na wahudumu wao kwamba wana tatizo lolote la akili walikuwa karibu asilimia 4 tu. Ikiwa aliyeshika faili haoni, wa kuona kwanza ni nani kama si mtu wa nyumbani?

Hulka inaleta nini, na haileti nini

Wataalamu wa saikolojia wamezoea kuzigawa hulka za binadamu katika mafungu makuu matano. Kuna wepesi wa kushikwa na wasiwasi na huzuni, kuna uchangamfu, kuna utangamano, yaani upole na kuamini watu, kuna utaratibu na bidii, na kuna udadisi wa mambo mapya. Kila mtu anazo zote tano kwa viwango vyake, na wengi wako katikati. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za hulka kati ya mtu na mtu hutokana na urithi. Iliyobaki ni maisha.

Ya kwanza kati ya hizo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mwaka 2010, Roman Kotov na wenzake nchini Marekani walikusanya matokeo ya tafiti 175, wakaona kwamba watu wenye sonona, maradhi ya wasiwasi au uraibu walikuwa, kwa wastani, wepesi wa wasiwasi na wenye utaratibu mdogo kuliko wengine. Lakini je, hulka ilitangulia, au ugonjwa ndio ulioibadilisha? Nchini Sweden mapacha zaidi ya 20,000 waliulizwa kuhusu hulka zao mwanzoni mwa miaka ya 1970. Robo karne baadaye, waliokuwa wepesi wa wasiwasi ndio walioongoza kwa kupata sonona, wakiwemo ambao hawakuwa nayo wakati wa kuulizwa. Kwa hiyo hulka hutangulia kweli. Hata hivyo, kuwa karibu na hatari si sawa na kuugua, na mtu mwenye moyo wa wasiwasi asisome aya hii akaongeza wasiwasi mwingine.

Upande wa pili wa habari hiyo uko Dunedin, New Zealand, ambako watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa maisha yao yote. Walipofikia umri wa miaka 38, waliokuwa hawajapata tatizo lolote la akili walikuwa asilimia 17 tu. Kilichowatofautisha hakikuwa mali ya wazazi wao wala wepesi wa kichwa darasani. Ilikuwa hulka tulivu tangu utotoni, na familia zisizo na historia kubwa ya maradhi ya akili. Ukiipindua takwimu hiyo, unagundua kwamba kuugua akili wakati fulani wa maisha, kwa muda mfupi au mrefu, ni jambo la walio wengi.

Halafu kuna majaribio ya hulka yanayozunguka kwenye simu, yale ya kujibu maswali 20 ukaambiwa wewe ni mtu wa aina gani. Yachezewe, yasiaminiwe. Mwaka 2019 Rachid Laajaj, Karen Macours na wenzao walionyesha kwamba hata maswali ya kitaalamu ya hulka, yanapoulizwa na mdodosaji katika nchi za kipato cha chini na cha kati, mara nyingi hayapimi kile yanachodai kupima. Wawili hao walikuwa wameyajaribu kwa wakulima wa magharibi mwa Kenya. Shida mojawapo ni kwamba watu hukubali kila wanachoulizwa, hata maswali mawili yanayopingana. Yeyote aliyewahi kumwona mzee wa kijiji akimpokea mgeni mwenye karatasi na kalamu hatashangaa.

Hulka ileile, mahali pengine

Mifano miwili mizuri kuliko yote kuhusu jambo hili haikutoka Ulaya wala New Zealand. Ilitoka Kenya, mmojawapo ng'ambo tu ya msitu wa Mau.

Katika miaka ya 1970, Charles Super na Sara Harkness waliishi miongoni mwa Wakipsigis, katika kijiji wanachokiita Kokwet, wakichunguza malezi ya watoto wachanga na kuyalinganisha na ya Marekani. Mtoto anayeamka ovyo usiku, asiyeshika ratiba yoyote, kwa mzazi wa Marekani alikuwa mtoto msumbufu, tatizo la kupelekwa kwa daktari. Kokwet mtoto huyohuyo hakumsumbua mtu. Alilala na mama yake, akinyonya kila alipoamka, na mchana alibebwa mgongoni akisinzia anapotaka. Hulka ilikuwa moja. Shida ilitegemea nyumba aliyozaliwa.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Daktari wa akili Marten deVries alikuwa akipima hulka za watoto wachanga wa Kimasai kusini mwa Kenya, ukame mkali wa mwaka 1974 ulipoingia. Aliporudi kuwatafuta wale watoto watulivu kabisa na wale wasumbufu kabisa, familia nyingine zilikuwa zimehama. Kati ya watoto 7 watulivu aliowapata, 5 walikuwa wamefariki. Kati ya 6 wasumbufu, alikuwa amefariki 1. Ni watoto wachache mno kujengea kanuni, na deVries aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1984 kama onyo tu, lakini onyo lenyewe halisahauliki: wakati wa njaa, huenda anayelia sana ndiye anayenyonyeshwa, na mtoto "mzuri" anayenyamaza anasahaulika.

Hilo la kusahaulika kwa anayenyamaza halijaishia kwa watoto wachanga. Ndilo kosa kubwa la mtaani katika habari ya afya ya akili, na mwongozo huu utalirudia.

Mpime kwa kipimo chake mwenyewe

Nesi akikupima presha hukuuliza ya kawaida yako ni ngapi. Hulka nayo ipimwe hivyo hivyo. Swali la kwanza si "je, huyu ni mkimya kuliko watu wengine?" bali "je, amekuwa mkimya kuliko yeye mwenyewe wa mwaka jana?" Mtu aliyekuwa mwenye aibu tangu darasa la kwanza, ambaye anafanya kazi, ana marafiki wawili wa kweli na analala vizuri, hana ugonjwa. Ana aibu.

La pili ni muda. Sonona haihesabiwi kwa siku moja mbaya. Madaktari hutafuta hali inayodumu siku nyingi za angalau wiki mbili mfululizo: huzuni au kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha, pamoja na usingizi kuharibika, hamu ya chakula kubadilika, uchovu, kushindwa kutuliza mawazo, kujilaumu kupita kiasi, au kuwaza kifo. Katika vituo vya afya hutumiwa fomu ya maswali 9, ijulikanayo kama PHQ-9, ambayo imetafsiriwa kwa Kiswahili. Jumla yake ni alama 27, na kuanzia alama 10 kwenda juu mhudumu hulichunguza jambo kwa undani zaidi.

La tatu ni gharama: hali hiyo inamgharimu nini? Amekosa kazi mara ngapi, biashara imefungwa, masomo yameanguka, amekosana na nani ambaye hawakuwahi kukosana? La nne ni upana wake. Mtu anayemchukia bosi mmoja ana shida na bosi. Anayebadilika kazini, nyumbani, kanisani au msikitini, na hata mbele ya watoto wake, ana jambo zaidi ya bosi.

Watu sita wa ploti moja

Tuwachukue watu sita wa kawaida wa ploti ya kupanga, kila mmoja na hulka yake, tuone ugonjwa unaweza kujificha wapi.

Mwenye wasiwasi ni yule anayepiga simu mara tatu mtoto akichelewa kufika kutoka shule. Mara nyingi ni mtu wa msaada, kwa maana ndiye anayekumbuka kodi, chanjo na karo. Wasiwasi wake unakuwa ugonjwa pale usipozimika hata jambo likiisha salama, ukihama kutoka hofu hii hadi ile kwa miezi, usingizi ukikatika, misuli ikikaza, moyo ukienda mbio. Wengi wa hawa huishia kwenye foleni ya kupimwa moyo au vidonda vya tumbo. Kupimwa mwili si kosa, kwa sababu tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta hali inayofanana kabisa na wasiwasi. Ila vipimo vikirudi safi mara ya pili na ya tatu, ni wakati wa kuuliza kuhusu akili.

Mwenye utaratibu hupanga viatu mlangoni na kuosha sufuria mara mbili. Hulka hii kwa ujumla humkinga mtu, na familia yenye mtu kama huyo ina bahati. Dalili ya ugonjwa ni pale usafi au ukaguzi unapomla zaidi ya saa moja kwa siku, naye mwenyewe hataki, anaona haina maana, na hawezi kuacha. Yule mama wa duka anayekagua kufuli mara moja kabla ya kulala ana busara. Anayerudi dukani usiku wa manane mara nne, akilia njiani, anateseka.

Mwenye hasira za karibu si lazima awe na ugonjwa wowote. Lakini angalia hasira iliyozaliwa juzi. Wanaume wengi wenye sonona hawalii. Hufoka, hunywa, hugombana stage. Na katika mji wenye boda boda nyingi kama Nakuru, kuna jambo la kuuliza kabla ya yote: je, aliwahi kuanguka akagonga kichwa? Jeraha la sehemu ya mbele ya ubongo linaweza kumgeuza mtu mpole kuwa mkali na asiye na subira, hata kama kidonda cha nje kilipona na yeye alirudi barabarani wiki iliyofuata. Huyo anahitaji daktari wa ubongo, si kikao cha wazee cha kumkanya.

Asiyeamini watu yuko katika kila ploti. Nakuru huyu ahukumiwe polepole. Mtu aliyeona ghasia za Januari 2008, majirani wakigeukana na familia zikikimbilia uwanja wa maonyesho na uwanja wa Afraha, ana sababu za kuchagua wa kumwamini. Vilevile aliyenusurika bwawa la Patel lilipopasuka huko Solai usiku wa 9 Mei 2018, au mafuriko ya Mai Mahiu ya 29 Aprili 2024, anaweza kuruka kwa mlio wa mvua kwenye mabati bila kuwa mwendawazimu. Kiwewe kina tiba, na wengi hupoa baada ya miezi michache. Kikizidi, atafutiwe msaada. Tofauti na hayo ni imani isiyotikiswa na ushahidi wowote: kwamba jirani anamsoma mawazo kupitia ukuta, kwamba redio inamtaja yeye, kwamba sauti asizozisikia mwingine zinamwamuru. Hapo haijalishi hulka yake ya zamani ilikuwaje. Anahitaji hospitali mapema, na familia inayotaka kumwombea imwombee, ila isimwondoe kwenye dawa. Makueni, timu ya Victoria Mutiso na Profesa Ndetei ilikwisha kuonyesha njia kwa kuwaketisha pamoja waganga wa kienyeji, viongozi wa maombi na wahudumu wa afya, ili mgonjwa aliyeanzia kwa mmoja apelekwe kwa mwingine bila kugombaniwa.

Wawili waliobaki ndio wanaosahauliwa.

Mchangamfu anasahauliwa kwa kuwa anachekesha. Sonona yake huja na tabasamu kwanza, na watu husema "huyo hawezi kuwa na stress". Kwake dalili ni ndogo ndogo: utani umekuwa wa kujidharau, anaondoka mapema kwenye sherehe, hapokei simu Jumapili. Mama mchangamfu aliyejifungua karibuni, ambaye wiki kadhaa baadaye hamtaki mtoto, au anajilaumu kwamba ni mama mbaya, asiambiwe kwamba ni uchovu wa kawaida tu.

Lakini mchangamfu ana hatari nyingine, ya kinyume, ambayo mtaa hupenda kuishangilia. Furaha inaweza kupita mpaka. Mtu analala kwa muda wa saa mbili tu usiku kucha na kuamka na nguvu tele. Anazungumza bila kituo, anaanzisha biashara tatu kwa mpigo, anagawa pesa, anataka kuuza shamba la Njoro anunue lori. Hali hiyo ikidumu wiki moja au zaidi, inaweza kuwa upande wa juu wa maradhi yanayompandisha mtu na kumshusha, ambayo kwa Kiingereza huitwa bipolar. Tofauti yake na uchangamfu ni usingizi. Mchangamfu asipolala huchoka kama wewe na mimi. Kwa familia za Kenya kuna ushahidi mmoja usiobishika: taarifa ya M-Pesa. Mikopo ya Fuliza iliyofuatana, pesa zilizotumwa saa tisa usiku kwa watu asiowajua, dau la kubashiri mechi lililoongezeka mara kumi katika siku chache, vyote vina tarehe na saa. Daktari akiviona ataelewa haraka kuliko kwa kusimuliwa.

Mkimya anasahauliwa kwa sababu akiugua, ugonjwa unafanana na yeye. Alikuwa hazungumzi, sasa hazungumzi zaidi, nani atajua? Mwandishi Binyavanga Wainaina, aliyezaliwa Nakuru mwaka 1971, alieleza katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 2011 utoto wa mtoto aliyezama katika ndoto za mchana, na baadaye, akiwa mwanafunzi Afrika Kusini, kipindi kirefu cha kujifungia chumbani akisoma riwaya huku masomo yakimpita. Si kazi ya msomaji kumpa ugonjwa marehemu. Kinachofaa kuangaliwa ni kwamba kuzama kule ndiko kulikompa fasihi yake, na kujifungia kule kulikuwa kitu kingine, ingawa kwa mbali vingefanana. Kwa mkimya wa ghorofa ya tatu, usihesabu maneno. Hesabu mambo aliyokuwa akiyafanya kimya kimya: bado anasikiliza mechi? Anafua nguo? Amelipa mchango wa chama? Anapika, au taka zake ni mifuko ya mkate tu? Mkimya aliyeacha mambo yake ya kimya ameanza kuugua.

Usimpe jina la maisha

Kosa la kinyume nalo lipo. Vijana siku hizi humwita mpenzi wa zamani "narcissist" na mwenye kupenda usafi "OCD", kana kwamba kila hulka isiyopendeza ni ugonjwa. Ni kweli kwamba kuna maradhi ya hulka yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha namna ya kuyaeleza kuanzia Januari 2022: badala ya orodha ndefu ya aina, daktari sasa huangalia kwanza ukali wa tatizo, kisha hulka zipi zimepita kiasi. Lakini sharti ni zito. Mtindo huo uwe umedumu miaka miwili au zaidi, uharibu jinsi mtu anavyojiona na anavyohusiana na watu, na uonekane katika pande nyingi za maisha. Hakuna mtu awezaye kuyaona hayo kwa kugombana na mwenzake mwezi mmoja.

Zaidi ya hapo, mtu akiwa ndani ya sonona, yeye mwenyewe hudhani ndiyo hulka yake. Ukimuuliza atajieleza kuwa mvivu, mwoga, asiyependa watu. Akitibiwa, majibu hubadilika. Kwa hiyo usikubali maelezo anayojipa akiwa mgonjwa, na usimruhusu kuamua jambo kubwa, kama kuacha kazi au kuvunja ndoa, kwa kuyategemea.

Na hulka hubadilika pia. Mwaka 2017 Brent Roberts na wenzake walipitia tafiti 207 za watu waliopata tiba mbalimbali za akili, wakaona hulka zao zikisogea katika muda wa wastani wa wiki 24, hasa ule wepesi wa wasiwasi, ambao ulipungua. Hapa Kenya, mpango wa Shamiri ulioanzishwa na Tom Osborn na wenzake uliwafikia wanafunzi wa sekondari wenye dalili za sonona na wasiwasi. Vijana waliomaliza shule karibuni waliwaongoza kwa wiki nne katika vikao vya kujifunza kwamba tabia ya mtu inaweza kukua, kushukuru, na kutambua wanachokithamini. Matokeo ya wanafunzi 413, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha dalili zilipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Viongozi wa vijana makanisani na misikitini Section 58 wangeweza kujifunza kitu hapo.

Kumwendea, na kumpeleka

Anza na ulichokiona, si unachofikiri. "Baba Kevo, wiki mbili hizi hatujakuona stage, na juzi ulipita bila kusalimu. Kuna nini, ndugu yangu?" Hiyo ni sentensi inayojibika. "Wewe una depression" haijibiki. Kijana akimwendea mzee, apitie kwa mtu wa rika la mzee au kwa dada wa mzee huyo. Huenda mzee akamfungukia dada kabla ya mwana. Usimwulize mbele ya watoto. Ukiogopa kwamba anawaza kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa za mifugo na za mimea zilizo karibu, na umpeleke siku hiyohiyo.

Hofu ya polisi ilizuia familia nyingi kusema. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu, kupitia Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 nayo inazibebesha kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi, kwa hiyo kuziomba si kuomba hisani.

Kwa mkazi wa Section 58, mlango wa kwanza ni mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lake au zahanati ya karibu. Mlango mkubwa ni hospitali ya rufaa ya kaunti mjini, ambayo wengi bado huiita PGH au Level Five, na ambayo ina kitengo cha magonjwa ya akili. Gilgil nako kuna wodi ya wagonjwa wa akili, na hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910, iko Nairobi kwa hali zinazohitaji zaidi. Kwa simu, Msalaba Mwekundu hupokea kwa 1199, NACADA kwa mambo ya pombe na dawa za kulevya kwa 1192, na watoto wana 116, zote bila malipo. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku, apelekwe kwa dharura hata kama hana historia yoyote: huenda ni sukari, maambukizi au kiharusi, si uzee.

Siku ya kwenda, usiende mikono mitupu. Chukua karatasi uandike tarehe mabadiliko yalipoanza, na alikuwaje kabla, kwa mifano: alikuwa akiamka saa ngapi, alipenda nini, alikasirishwa na nini. Andika anavyolala sasa. Beba kila dawa anayotumia, zikiwemo za mitishamba na zile za maumivu zinazonunuliwa bila cheti. Taja kama kuna ndugu, mzazi au shangazi aliyewahi kuugua hivi, hata kama familia huwa hailisemi. Taja pombe kwa kiasi cha kweli. Ikiwa pesa zimepotea, beba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, kwa ruhusa yake. Na aliyeishi naye karibu zaidi ndiye aingie naye, hata kama si yeye anayelipa.